Mawaziri Wakuu wa Chumbani kwa Denise

Denise alikuwa fundi cherehani katikati ya jiji la Johannesburg. Chumba chake kimoja, ghorofa ya tatu, ndicho alichoshonea na kulala na binti yake Falonne. Ukutani zilikuwapo picha alizorithi kwa baba yake: mawaziri wakuu wa zamani. Nkrumah wa Ghana, Nyerere wa Tanganyika, Lumumba wa Kongo. Na kwa ufinyu wa ukuta, Lumumba alikaa bega kwa bega na waziri mkuu wa Ubelgiji wa mwaka 1960.

"Maman Denise, hawa wawili watapigana!" wateja Wakongomani wenzake walimtania.

Juni ikaja na baridi yake, umeme nao ukakatika jengo zima. Denise akaingiza jiko la makaa. Nyufa za dirisha akaziziba kwa vipande vya vitenge.

"Mama, ule papa wa kwenye picha anacheza mdomo," alisema Falonne.

Denise akacheka. Kesho yake, akiwa kwenye cherehani, alisikia minong'ono mgongoni. Akageuka. Macho yote ya ukutani yalimtazama, na shingo ya Mbelgiji ilikuwa imepinda kumwelekea Lumumba. Kichwa kilimuuma sana. Aliogopa kweli.

Akawatenganisha wale wawili. Wakanong'ona. Akazigeuza picha zitazame ukuta. Wakazidi. Basi akafunga mlango ili aombe, akaongeza makaa mtoto asipate baridi. Falonne alijilaza mkekani, kimya.

Alasiri hiyo jirani yao Fiona, muuguzi kutoka Kenya, alikuja kuchukua gauni lake, akagonga hadi akafunguliwa.

"Mama Falonne! Kwani mnachoma makaa ndani?"

"Muache mutoto alale, dada. Hawa wa ukutani wanataka kumubeba."

Fiona aliingia upesi. Alimbeba Falonne, akamvuta Denise mkono, wakashuka hadi nje. Kwenye hewa safi mtoto alitapika, akalia. Denise alimshukuru Mungu kwa kilio kile.

Njiani kwenda hospitali Fiona aliuliza, "Kichwa kinauma ukiwa ndani, ukitoka kinapoa?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni hewa ya sumu ya makaa. Haionekani, haina harufu. Hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, inatoka. Inakuonyesha na kukusikizisha vitu ambavyo haviko. Halafu inakulaza, na huamki."

"Nikifungua dirisha kidogo?"

"Haitoshi. Jiko likae nje kabisa. Na ukisikia dalili hizo, toka mbio, nenda hospitali."

Kikulacho ki nguoni mwako. Denise aliwashuku marehemu, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyemwasha adui kwa kiberiti.

Falonne alipewa oksijeni, akapona. Sasa Denise anapikia uani, na mawaziri wakuu wanatazama chumba tena, kimya.

Juzi mpangaji mpya, Marcellin, alipanda ngazi na jiko linalowaka. Denise alisimama mbele yake.

"Papa Marcellin, hilo halipiti. Hewa yake inaua."

"Eish, Maman, watoto wanasikia baridi!"

"Blanketi nitakupa. Mutoto mwingine sina wa kukupa."

Marcellin akalitazama jiko, akageuka, akashuka nalo.