Namba ya Kwanini

Umoja ni udhaifu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Jumatano kwenye meza ya tatu ya maabara. Kiranja wa darasa na pacha wawili walikubaliana kwa kila jambo, naye Kwanini, msichana waliyembandika jina hilo kwa maswali yake, alibaki akisaga meno.

Siku hiyo walikuwa wakitengeneza betri kwa gilasi mbili za myeyusho, kipande cha shaba na kipande cha bati lililopakwa zinki. Mkemia wa kiwanda cha betri alikuja kutazama. Kundi moja lingealikwa kwenye maabara yake wakati wa likizo, na Kwanini aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Voltimita ilionyesha 0.78.

"Andika moja nukta moja," kiranja aliamuru. "Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Kitabu hakijapima. Tumepima sisi, mara nne."

"Ameanza," pacha mmoja aliguna. "Meza zote zimepata moja nukta moja. Sisi ndio wenye mkosi?"

"Dada, utatuponza," mwenzake alidakia. "Likizo itupite kwa ubishi wako?"

Kwanini alichoka. Aliandika 0.78 kwa wino, akapeleka daftari mbele kabla hawajamnyang'anya.

Mkemia alisoma, akakunja uso, akaja mezani. Aliligeuza bati.

"Nani amelisugua?"

"Mimi, mama," kiranja alijibu kwa maringo. "Kwa msasa, mpaka likang'aa."

"Umeimaliza zinki yote, mwanangu. Hiki ni chuma kitupu, na chuma kwa shaba hutoa volti kama hizi."

Walileta bati jipya, wakalifuta kwa kitambaa tu. 1.08.

"Likizo mtakuja ninyi," alisema mkemia. "Mngenakili namba ya kitabu, nisingejua kosa liko wapi. Kazi yetu ni kuandika tulichokiona, hata kikituudhi. Ukidanganya kwenye daftari, betri itakuumbua mikononi mwa mtu mwingine."

Alipoondoka, kiranja alinong'ona, "Sawa, tumepata. Lakini umeniaibisha mbele ya mgeni. Niombe radhi."

Kwanini aliandika 1.08 chini ya 0.78, bila kufuta kitu.

"Siombi."