Mkanda Uliopakwa Mafuta

Kila Jumamosi asubuhi Sekela hufua. Huanza na sare za shule za binti yake, Bupe, kisha mashuka. Mwisho huja zamu ya vifaa vya mumewe, na hivyo havichanganywi na nguo. Vina beseni lao la bluu.

Mumewe, Revelian, ni mzamiaji. Huenda Kunduchi, hubeba mtungi wa hewa mgongoni, akashuka chini ya boti na kukwangua magamba na majani ya bahari yaliyogandia huko. Majirani zake wa Goba hawaielewi vizuri kazi hiyo. Wao wanaishi kilimani, maji yenyewe wanaletewa na boza, na mwenzao anatafuta riziki chini ya bahari.

Sekela ametoka Tukuyu. Bahari anaiogopa, na hafichi. Lakini vifaa vya mumewe anavijua kimoja kimoja: miwani ya kuzamia inayofunika macho na pua, mapezi mawili ya miguuni, na mikanda ya mpira inayovishikilia. Akishaviosha hufanya jambo alilolibuni mwenyewe. Huchota mafuta mgando, yale yale anayompaka Bupe miguuni, akaisugua mikanda mpaka ing'ae. Kisha huanika vyote kwenye waya, jua kali likiviwakia.

"Mwenzetu, mapezi ya mumeo yanang'aa kuliko wewe," jirani yake Apolonia humtania kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mie sina safari ya baharini," Sekela humjibu, na wote wawili hucheka.

Alifanya hivyo miaka miwili, na roho yake ilikuwa nyeupe.

Jumanne moja, kabla ya saa sita mchana, bajaji ilisimama nje. Sekela alikuwa anapepeta mchele. Alimwona Revelian akishuka pamoja na Nikodemu, mwenzake anayebaki juu ya boti yeye akiwa chini. Revelian bado alikuwa na nguo za kuzamia. Macho yalikuwa mekundu. Kwapani alikuwa na pezi moja. La pili halikuwepo.

Ungo ulimponyoka Sekela, mchele ukatapakaa uani.

"Baba Bupe, kuna nini?"

Revelian aliketi barazani. "Mkanda umekatika."

"Mkanda gani?"

"Wa miwani. Nikiwa chini kabisa."

Nikodemu akavuta kigoda, akamkalisha Sekela.

"Nimesikia kama kofi kisogoni," Revelian aliendelea. "Hapo hapo maji usoni, maji puani. Sioni kitu. Nikarusha mkono niidake miwani, nikapiga teke kwa nguvu, mkanda wa pezi nao ukaachia. Vyote vimezama."

"Sasa umetokaje?"

"Kipumulio kilikuwa bado mdomoni. Nikajiambia, pumua tu, usikimbie. Nikapapasa kamba ya boti, nikapanda nayo taratibu."

Ili mikono ipate kazi, Sekela alilichukua lile pezi lililobaki. Akaugusa mkanda wake. Ulikuwa laini kupita kiasi, na ulinata vidoleni kama ulimbo. Ulinukia mafuta mgando.

Aliliweka pezi chini haraka. Hakumwambia mtu.

Tangu waoane, Sekela hakuwahi kuomba kwenda kazini kwa mumewe. Jioni ile aliomba. Kesho yake yeye, Revelian na Nikodemu walikwenda Kunduchi, kwenye duka la vifaa vya uvuvi la familia ya Wahiba. Babu yake Wahiba ndiye aliyelifungua. Wahiba mwenyewe hufundisha watu kuzamia, na kwenye chumba cha nyuma hutengeneza vifaa.

Wahiba aliliangalia pezi. Aliushika mkanda kwa vidole viwili, akauvuta kidogo. Ukakatika kama ugali.

"Kaka, nani anakutunzia vifaa?"

Revelian alimtazama mkewe mara moja, kisha akatazama sakafu. "Natunza mwenyewe."

"Si kweli," alisema Sekela. "Ni mie. Naipaka mafuta mgando. Kila Jumamosi."

Wahiba alivua miwani yake ya kusomea.

"Mafuta hayo yanafaa ngozi, mama. Mpira yanaulainisha mpaka unaoza. Na unauanika wapi?"

"Juani."

"Jua nalo linaukausha, unapasuka. Mkanda umepata maadui wawili kwa wakati mmoja."

Machozi yalimtoka Sekela. "Kwa hiyo nilikuwa namuua mume wangu kwa mikono yangu."

"Usiseme hivyo. Ulikuwa unamtunza, ila hakuna aliyekuelekeza." Wahiba akamgeukia Revelian. "Na wewe je? Kila siku unauvuta mkanda huo kichwani kwako. Hukuona unanata?"

Revelian alijikuna shingo. "Niliona. Nikadhani ni uzuri wake."

"Jambo moja ulifanya vizuri sana. Ulipumua, ukapanda polepole. Ungebana pumzi ukapanda mbio, mapafu yangeweza kupasuka. Lakini ulizamia peke yako, na hukuwa na miwani ya akiba. Hayo mawili sitaki kuyasikia tena."

Kisha akaliweka lile pezi kando. "Haya. Vitu vyako havielei. Viko pale pale chini, labda mkondo umevisogeza kidogo. Twendeni tukavitafute kabla mchanga haujavifunika."

Ndivyo Sekela wa Tukuyu alivyojikuta ndani ya boti, ameshika ubao kwa mikono miwili.

Ile boti aliyokuwa akiikwangua Revelian ilikuwa bado imefungwa mahali pake, kwa hiyo walijua pa kuanzia. Wahiba alimwazima Revelian miwani na mapezi, kisha akashusha jiwe zito lililofungwa kamba, na juu ya kamba akafunga boya. Kwenye jiwe hilo alifunga kamba nyingine ndefu. Yeye na Revelian wangeishika na kulizunguka jiwe wakitazama chini. Wakimaliza mzunguko bila kuona kitu, wangelegeza kamba kidogo na kuzunguka tena, mbali zaidi.

"Kwa nini wasitafute tu huku na huku?" Sekela alimuuliza Nikodemu.

"Ukitafuta hivyo, shemeji, unapita sehemu moja mara tano, na nyingine hujaigusa."

Walizama. Mapovu yalipanda, mafungu mawili, yakizunguka polepole. Sekela aliyakodolea macho bila kupepesa. Ghafla yakapotea. Alimkamata Nikodemu mkono, kucha zikamwingia.

"Wako chini ya boti yetu," alisema Nikodemu akiugulia. "Tazama upande huu."

Yakaibuka upande wa pili. Sekela aliona aibu, lakini mkono hakuuachia.

Kwanza lilitoka pezi. Kwenye mzunguko wa nne Wahiba aliibuka akiwa ameinua miwani, kioo kizima, mkanda ukining'inia vipande viwili. Sekela aliipokea, akaipakata kama mtoto.

Dukani Wahiba aliondoa mikanda yote ya zamani. Kwenye mapezi aliweka springi za chuma kisichoshika kutu. Kwenye miwani aliweka mkanda mpya wa mpira, akaongeza kamba nyembamba ya kuifunga kwenye jaketi la kuzamia, ili ikichomoka isiende mbali. Kisha akampa Sekela maelekezo, si Revelian.

"Osha kwa maji yasiyo na chumvi. Anika kivulini. Mafuta ya aina yoyote, hapana. Na kabla hajatoka, ukunje mkanda, utazame kwenye kifungo kinachoushika, uuvute. Mpira huzeeka hata ukitunzwa. Ukiona ufa, hata mwembamba kama uzi, badilisha."

Tangu siku hiyo vifaa vikawa vinakaushwa stoo, dirisha wazi. Mafuta mgando yalibaki kwa miguu ya Bupe. Revelian naye hakushuka tena chini bila mzamiaji wa pili.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja, Revelian akiwa mlangoni na begi begani, Sekela alikuwa bado anaikagua miwani.

"Nachelewa, Mama Bupe."

"Subiri. Hapa kwenye kifungo pana kitu."

"Utanimalizia kesho."

Sekela aliukunja mkanda, akauona ufa mdogo, mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Akauvuta.

Ulikatika. Ulikatika mkononi mwake, uani Goba, mbali kabisa na bahari.

Revelian alishusha begi. Akaketi barazani, pale pale alipoketi siku ile, akakitazama kipande cha mpira kilichoanguka chini. Hakusema tena kwamba anachelewa.

Sekela aliingia ndani, akatoka na mkanda wa akiba. Akaufunga, akauvuta kwa nguvu zake zote mara tatu.

"Sasa nenda," akamwambia.