Walioitika Nyumba ya Mashetani

Nilikuwepo. Sikuhadithiwa na mtu. Kila ntakalokwambia hapa nimeliona kwa macho yangu haya mawili, na mwenye shaka aje mtaani kwetu Ghala aulizie gereji ya Aflah mpiga rangi. Hata paka wa pale watamwonesha.

Mwaka wenyewe 1998. Kila majira ya baridi walikuja watu na makontena yao, wakasimamisha pale Qurum uwanja wa mabembea, na ndani yake nyumba ya mashetani. Kila mwaka nyumba mpya, vitisho vipya. Sisi gerejini, wiki tatu kabla, kazi zinalala: ni kubishana tu safari hii watatia nini. Bingwa wa kubashiri mimi. Nilisema popo, wakatia popo. Nilisema jeneza litafunguka lenyewe, likafunguka.

"Mwaka huu," nikawaambia, "watatia mtu aliyechukuliwa na wachawi."

Wakacheka. Yaarub, fundi wetu wa umeme, hakucheka. Alikuwa katoka huko kuwafungia taa.

"Ami Aflah, nani kakwambia?"

"Kwani mna nini?"

"Chumba cha mwisho mna mwanamke. Wenyewe wanasema sanamu. Mie nilipompitia karibu nikasikia harufu ya kafuri, ile ya kutilia maiti. Na mkono wa kushoto ana kovu la mafuta, kutoka hapa mpaka kwenye kiwiko."

Spana ikaanguka chini.

Aliyeiangusha ni Musallam, shemegi yangu. Mkewe, Mahbuba, dada yangu wa tumbo moja, alikufa miaka miwili nyuma kwa homa ya siku moja. Kovu lile alilipata akikaanga sambusa za futari. Siku ya maziko waosha maiti walinong'ona kuwa mwili mwepesi mno. Shangazi yetu Bi Kheiria, mzaliwa wa Unguja, hakunong'ona. Alisema wazi kuwa tunazika gogo la mgomba, na Mahbuba yu hai mahali anatumikishwa. Mimi nilimcheka. Musallam hakuoa tena.

Jioni ile ile nilikuwa na bango la kuwapelekea wale wa mabembea, nimewapigia rangi. Musallam akapanda pikapu bila ya kuniuliza, Yaarub nyuma. Tukapita kwa Bi Kheiria. Akatoa kanga ya Mahbuba sandukuni.

"Mtu aliyechukuliwa haitwi jina," akamwambia Musallam. "Ukimwita, wanaoitika ni wale waliomchukua. Mfunike kanga yake, mshike mkono, utoke naye kimya. Na wewe Aflah, mdomo wako huo!"

"Mie, shangazi? Mie kaburi."

Tulifika adhana ya magharibi inamalizika. Uwanja haujafunguliwa. Yaarub akabaki mlangoni, sisi tukaingia.

Giza.

Chumba cha kwanza, popo wa mpira. Cha pili, mifupa. Cha tatu... harufu ikaanza. Kafuri. Na chini ya kafuri, marashi ya dada yangu.

Chumba cha mwisho mna taa moja nyekundu. Mwanamke kasimama, katupa mgongo.

Hapumui.

Musallam akamfunika kanga. Taratibu, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Mabega yakatetemeka chini ya kanga. Mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe. Kovu nikaliona.

"Una joto," Musallam akaninong'oneza. Machozi yanamtoka. "Shemegi, mkono una joto."

Wakaanza kutembea. Hatua moja. Mbili. Nikasikia miguu yake ikiburura. Tatu...

Hapo moyo wa Musallam ukamshinda. Akaita.

"Mahbuba!"

"Labeka."

Si yeye. Ukutani. Sauti ya mzee mwanamme.

"Labeka." Nyuma yetu.

"Labeka... labeka... labeka..." Vyumba vyote tulivyovipita.

Taa ikazimika.

Ilipowaka, Musallam alikuwa kashika mkono. Mkono tu. Wa plasta, umekatika begani, mweupe, hauna kovu. Sanamu limelala chini. Kanga haikuonekana, si siku ile wala baadaye.

Msimamizi wao akaja mbio, Yaarub nyuma yake, akatugombeza kwa kumvunjia sanamu lake. Sauti, alisema, ni za kanda. Ukipiga kelele mle ndani mashine inajibu.

"Kanda imetoka Ulaya," Yaarub akamwambia. "Labeka imejifunzia wapi?"

Yule bwana akaokota mkono wa sanamu lake. Akatutoa nje.

Musallam kahamia Qantab. Kila Idi nnakwenda kumpa mkono. Kila Idi ananiona dirishani, anafunga dirisha. Bi Kheiria kafa hajanisemesha. Watu wananiuliza, Aflah, kosa kafanya Musallam, mbona mnuniwa ni wewe?

Basi sikiliza. Hadithi hii nimeihadithia miaka kumi, na yote kweli. Pahala pamoja tu nimetia langu. Musallam hakuita jina mle ndani. Alikwenda kimya kama alivyoagizwa, kamshika mkewe, mlango anauona.

Aliyeita ni mimi. Nilitaka Yaarub asikie, kule mlangoni, kuwa nimebashiri sawa.