Ng'ombe wa Mahari ya Abdia

— Masha ni nani?

Diba alikuwa ametoka malishoni, huko kwenye delta ya mto, bila kupiga simu. Alifanya makusudi. Sasa alisimama mlangoni mwa chumba chao pale Garsen, ameshika simu ya mkewe.

— Nirudishie simu yangu, Diba.

— Nimesoma hapa. "Usikate tamaa. Nafasi ipo, ila mumeo lazima ajue." Mimi nijue nini?

Nuriya alikaa kitandani, mkono tumboni. Binti wa Kipini huyu, aliyezoea kumjibu mtu kabla hajamaliza swali, leo aliinamisha kichwa.

— Kila nikirudi, wewe uko kwenye siku zako. Mwezi uliopita, siku zako. Kabla ya hapo, siku zako. Nikaona huyu amenichoka, ananidanganya. Leo nimekuja ghafla nikushike na uongo wako.

— Na leo pia niko kwenye siku zangu. Utafanyaje?

Pazia likafunguliwa. Mama Kadra, mama yake Diba, akaingia bila hodi. Ndiyo raha ya kukaa boma moja na mama mkwe.

— Diba, wazee wa kina Abdia wanangoja. Ng'ombe wa mahari tumeshawatenga. Huyu muache na siku zake.

Habari za Abdia, msichana aliyeposwa awe mke wa pili wa Diba, Nuriya alizijua, majirani hawana siri. Lakini kuzisikia chumbani mwake mwenyewe kulimuuma kuliko tumbo.

— Mpigie huyo Masha, akasema. Weka spika, mama pia asikie.

Simu ikaita. Diba alikaza taya akingoja sauti ya mwanamume.

— Nuriya, habari yako? ikajibu sauti ya mwanamke. Ni daktari Masha. Umeshamwambia Diba?

— Diba ni mimi. Mke wangu ana nini?

Daktari akamuuliza kwanza mgonjwa wake.

— Nuriya, nimwambie?

— Mwambie yote, daktari.

— Ana ugonjwa unaitwa adenomayosisi. Utando wa ndani ya kizazi umeota mpaka kwenye nyama ya kizazi chenyewe. Ndiyo maana damu haikatiki na maumivu hayaishi. Mwanzo aliambiwa kizazi kitolewe.

Diba akaketi sakafuni.

— Ila kuna njia nyingine, na kwa picha alizopigwa, inamfaa. Mashine inapeleka mawimbi ya sauti kutoka nje ya tumbo. Yanakutana pale penye ugonjwa na kupachoma kwa joto. Hapasuliwi, na kizazi kinabaki. Lakini ni ng'ambo, na gharama yake si ndogo.

— Atazaa? akadakia Mama Kadra.

— Damu na maumivu vinaweza kupungua sana, mama. Mtoto siwezi kuwaahidi.

Simu ilipokatwa, Diba alimtazama mkewe.

— Kwa nini ulinificha?

— Niliogopa ukisikia kizazi kinatolewa utakimbilia kuoa. Kumbe hujasikia na umeshakimbia.

Diba akamrudishia mkewe simu. Aliona haya, na haya ilimstahili.

— Umesikia mwenyewe, akasema Mama Kadra. Hata daktari haahidi. Hao ng'ombe ni wa kuoa, si wa mashine.

Diba akainuka, akampigia binamu yake aliyekuwa akiwachunga wale ng'ombe.

— Nuh, usiwapeleke kwa kina Abdia. Walete sokoni hapa Garsen. Wote.

— Diba, wazee wameshapewa neno. Utatuweka wapi? akafoka Mama Kadra.

— Nitaenda mwenyewe kuwaomba radhi, mama. Aibu ni yangu.

Mama Kadra akatoka. Nuriya hakumrukia mumewe kwa furaha. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, na lilibaki swali moja.

— Na mtoto asipokuja? Usinijibu kwa huruma.

Diba akaketi kando yake.

— Basi nitakuwa nikirudi kutoka malishoni, nakukuta wewe.

Nuriya akalia kwa sauti, mama mkwe asikie asisikie.