Mashine ya Akiba

Ilianza na joto tu. Fundi wa mitandao aliweka kiganja juu ya mashine ya pili, akakuta inafukuta kama paji la mtoto mwenye homa. Na mashine yenyewe haikuwa hata imechomekwa kwenye umeme.

Aibu ilikuwa hapo hapo. Hospitali ilinunua mashine mbili za kulinda mtandao: moja ifanye kazi, nyingine ikae akiba. Zinaunganishwa kwa waya mfupi, zinajuliana hali muda wote. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili inajua mwenzake kafa, inashika nafasi yake. Siku ya kuzifunga, fundi alikuwa na haraka zake. Akaiacha ya pili kabatini bila waya wowote, akamwambia mjomba wake, "Nimezijaribu zote, ziko sawa." Mjomba ndiye mkuu wa idara, na ndiye aliyemwombea kazi ile. Akaamini. Jamani, kitu ukikiacha kitupu muda mrefu, unadhani kitakosa mpangaji?

Mchana mmoja ya kwanza ikaungua. Fundi akangoja simu za wodini. Wapi! Hakuna kilichosimama; mtandao ukaendelea kama kawaida. Mjomba akaja akimpiga bega: "Umenitoa kimasomaso, mwanangu!"

Fundi akajifungia chumba cha mashine. Palinuka majivu yaliyomwagiwa maji, na taa ya ile mashine isiyo na waya ilikuwa inawaka na kufifia, inawaka na kufifia, taratibu kama mtu anayehema usingizini, na kwenye matundu ya feni isiyozunguka ikatoka pumzi ya moto, ikampita shingoni, ikamnong'oneza kwa sauti aliyoijua vizuri mno kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe: "Na wewe ukinyamaza, nitakushikia nafasi."

Akatoka mbio hadi mlango wa ofisi ya mjomba, aseme kweli. Akamkuta anamsifia kwa wageni: "Huyu mpwa wangu, huyu!" Ulimi ukagoma. Akaondoka, akajificha kwenye ngazi za nyuma, akijichukia. Alipopata moyo wa kurudi, wageni walikwishaondoka.

"Mjomba, nilikudanganya. Ile ya pili sikuifunga."

Mjomba akamtazama kwa macho mekundu. "Si tumeshayamaliza? Umekaa kiti hicho sasa hivi, umelia, umesema yote. Nimekusamehe, nikakwambia nenda nyumbani ukapumzike."

Fundi akatoka nje. Akampigia mkewe, huku msamaha wa mjomba, ambao haukuwa wake, ukimchoma kuliko hofu.

"Mke wangu..."

Mkewe alijibu kwa kunong'ona, kwa heshima ya mtu anayeongea na mgeni.

"Samahani kaka, hii simu umeiokota wapi? Mwenyewe yuko hapa, ndiyo kwanza anambembeleza mtoto."