Jina Nililomwandikia Idil

— Siyad, kwenye simu yako umeniandika nani?

Idil aliniuliza hivyo bila hata salamu, amesimama mbele yangu katikati ya soko la mifugo la Garissa, buibui limejaa vumbi. Mimi ni dalali, na wakati huo nilikuwa nimemshika mbuzi wa watu sikio.

— Nimekuandika Idil. Kwani kuna nini?

— Idil nani?

Nikacheka. Nilidhani ni wivu, na wiki tatu kabla ya nikaha wivu wa mchumba ni mtamu.

— Lete simu, akasema.

Akatafuta, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: IDIL HAGADERA.

— Sasa ningefanyaje? Kuna Idil dada yangu, kuna Idil Maziwa, na wewe.

Kwetu ndivyo tunavyohifadhi watu. Simu yangu ina Hamse Ngamia, ina Alio Mguu Mmoja, na wote wanajua na hawanuni. Mtu huitwa kwa kilema chake au kwa alikotoka, jina la kuzaliwa likabaki la shuleni. Sikuwahi kufikiri zaidi ya hapo, na hapo ndipo ninapoumia.

— Nimetoka mbele ya wazee wanaohoji waombaji wa vitambulisho, akasema. Unajua Mzee Dagane ameniuliza nini?

— Ukoo wako?

— Ameniuliza, "Binti, Hagadera ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwachia mbuzi sikio.

Hagadera ni kambi ya wakimbizi kule Dadaab. Idil si mkimbizi, amezaliwa karibu na Bute, Kenya hii hii. Lakini mwaka wa ukame mkubwa, mifugo ilipokwisha, mama yake aliwabeba watoto hadi kambini, wakaandikishwa wapate unga. Idil alikuwa na miaka saba. Vidole vyake vikawekwa kwenye mashine, na tangu siku hiyo serikali inaweza kumwita mkimbizi. Mkimbizi hapewi kitambulisho cha Kenya, na bila kitambulisho chuo cha ualimu kilichomwita Idil kisingempokea.

Aliniambia siri hiyo siku nilipomposa, ili nisije nikasema nilidanganywa. Mpango wake ulikuwa nyanya yake aje kutoka Bute atoe ushahidi, ndipo aiseme Hagadera kwa mdomo wake mwenyewe.

— Nyanya amechelewa, akaendelea. Nikampigia Mzee Dagane anisogezee siku. Sikumtajia hata jina. Akaniambia njoo leo leo. Simu yake ilikuwa imeshamwonyesha: Idil Hagadera.

— Nani aliiambia simu yake?

— Wanaojua ni wachache. Watu wa nyumbani kwetu, na wewe. Na laini yenyewe imesajiliwa kwa jina la shangazi.

Nikakumbuka. Mwezi uliopita nilichoka kupigiwa na namba nisizozijua, Hamse akanionyesha programu ya simu, ya bure, inayokutajia jina la anayepiga hata kama hujamhifadhi. Iliomba ruhusa isome majina yote niliyonayo. Nilibonyeza kukubali huku nikinywa chai. Majina mia nane, na hakuna mwenye jina niliyemuuliza. Sikujisumbua kujua programu hiyo huyatoa wapi majina ya watu. Kumbe inayatoa kwa wajinga kama mimi, kisha inamwonyesha kila aliye nayo, Mzee Dagane akiwemo.

— Idil, ni ile programu. Wallahi sikujua. Ilikuwa ya bure.

— Ya bure?

— Nilitaka tu kujua nani anapiga.

Hakulia, na heri angelia.

— Mama yangu alitoa vidole vyangu kwa unga, Siyad. Tulikuwa na njaa. Wewe ulikuwa na njaa gani?

Akanirudishia simu, akaenda zake katikati ya mbuzi.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mzee Dagane.

— Adeer, mzee wangu, kosa ni langu. Idil hakuficha kitu, alikuwa anamngoja nyanya yake.

— Mwanangu, ungenijia wiki iliyopita ningekusikiliza. Leo wenzangu wanasema amebanwa ndipo akasema.

— Faili lake je?

— Liko kando. Nyanya aje, tena aje na mzee wa Bute.

Nikaifuta programu palepale mlangoni kwake. Kisha nikamwomba Alio, ambaye anayo pia, aitafute namba ya Idil.

— Bado inasema Idil Hagadera, akaniambia. Ndugu, ulifuta yako tu.

Kesho yake ujumbe ukaingia:

"Nimeenda Bute kwa nyanya. Nikaha isimame. Nimewaambia watu ni mimi nimekataa, usije ukasemwa vibaya. Laini hii naizima, jina lake si langu."

Hilo la kunikinga ndilo lililoniua. Mimi nilitawanya siri yake, yeye akaificha aibu yangu.

Nikakaa miezi minne. Mimi niliyeuza watu ili nisipokee namba ngeni, sasa nikawa nazipokea zote, za wauza viwanja, za waliokosea. Kila mara nilisema "haloo" nikiomba Mungu.

Siku moja mchana, sokoni, namba ngeni ikaita.

— Haloo?

— Uko na watu?

Nikatoka nje ya zizi.

— Niko peke yangu, Idil.

— Nyanya alikuja Garissa na mzee wa Bute. Wazee wamenipitisha. Bado makao makuu waondoe vidole vyangu kwenye orodha ya wakimbizi.

— Alhamdulillahi. Ulikuja Garissa na hukuniambia?

— Nilikuona kwa mbali. Umekonda.

— Idil, nisamehe.

— Nimekusamehe zamani. Lakini kila ninapotaka kukuambia jambo, najiuliza kwanza litalala wapi.

Alisema kweli.

— Namba hii umeihifadhi? akauliza.

— Bado. Ndiyo nataka kuihifadhi.

— Usiihifadhi.

— Sasa nitakujuaje ukipiga?

— Leo umenijuaje?

Simu ikakatika. Nilikaa juu ya jiwe nikaisoma ile namba kwa sauti mara ishirini, hadi ikakaa kichwani, kisha nikaifuta kwenye orodha ya simu zilizoingia. Kila siku baada ya swala ya alfajiri naitaja tena nisije nikaisahau. Sijaipiga, maana hakuniambia nipige.