Mstari Uliokatwa Ukurasa wa Arobaini

— Inaita! — Bosi alisema, simu sikioni. — Leo lazima niongee na huyu Mwalimu Mstaafu anayetuandikia kila mwezi.

Mama Kobe aliacha kuchapa, akajawa na furaha. Hakuwa na mtoto wala mume. Jina alipewa pale ofisini kwa sababu ya Kobe, kompyuta ndogo ya kijivu iliyomilikiwa na watu wachache mno. Jarida lao liliandika habari za kompyuta za kila aina, na yeye alipewa ukurasa mmoja tu, wa arobaini. Kila mwezi aliandika programu fupi, na mwenye Kobe aliichapa mwenyewe kwenye mashine yake, mstari kwa mstari.

Bosi alitaka kuufuta ukurasa ule. Barua za wasomaji, za Mwalimu Mstaafu na za mama mmoja wa watoto watatu, zenye maswali kuhusu Kobe, ndizo zilizokuwa zikiuokoa.

Mara droo ya Mpangaji ikaanza kulia.

Mpangaji, kijana aliyepanga kurasa zote za jarida, aliisukuma kwa goti. Ikazidi kulia.

— Fungua, — Bosi alisema.

— Bosi, hiyo ni...

— Fungua bwana!

Akafungua. Simu ndogo ilikuwa inawaka taa humo ndani. Bosi akakata yake, na ile ikanyamaza.

— Shikamoo, Mwalimu Mstaafu, — Bosi akasema. — Na yule mama wa watoto watatu yuko wapi? Mfukoni?

Mpangaji aliinamisha kichwa.

— Barua zote nimeziandika mimi.

Mama Kobe alihisi uso unamwaka moto. Kwa kawaida sauti yake haikufika hata meza ya pili. Siku hiyo ilifika mlangoni.

— Miezi sita! Kumbe nilikuwa naandikia droo yako!

— Nisikilize. Ukurasa ukifutwa, na wewe unaondoka. Ningefanyaje?

— Ungeniambia ukweli!

— Ukweli ni kwamba nakupenda.

— Usinichanganye! Toka mbele yangu!

— Basi yameisha, — Bosi alisema. — Toleo la leo ndilo la mwisho kwa ukurasa wa arobaini. Pole, mwanangu.

Mama Kobe alianza kukusanya daftari zake. Alikuwa ameshika la tatu simu ya ofisi ilipolia. Akaipokea kwa hasira.

— Haloo!

— Mwenye ukurasa wa Kobe yupo? — ilikuwa sauti ya bibi mmoja, kali kama pilipili. — Nimenunua jarida alfajiri, nimechapa mistari yote hamsini na nane, nikitegemea kuona ua likichanua kwenye skrini. Badala ya ua, mashine inaniambia kuna kosa! Mnatuchezea?

Mama Kobe alimtupia Mpangaji jicho.

— Bibi, nani amekutuma?

— Amenituma nani? Nimetumwa na mgongo wangu unaoniuma! Nimekaa hapa saa mbili!

Kabla hajajibu, simu ya Bosi nayo ikalia. Bosi alisikiliza, nyusi zikapanda.

— Huyu ni kinyozi. Anasema ua halichanui, na wateja wake wawili wanasubiri waone.

Simu ya tatu ikalia. Ya nne. Mpangaji alichukua jarida jipya, akalilinganisha na karatasi ya Mama Kobe kwa kidole. Kidole kikasimama.

— Mungu wangu. Nimekata mstari.

— Umefanya nini?

— Ulibaki peke yake juu ya safu ya pili, umekaa vibaya. Nikaona mstari mmoja hauna madhara, nikautoa ukurasa upendeze.

— Upendeze! — Mama Kobe alishika kiuno. — Huo ndio unaohesabu petali za ua, mwanamume wewe!

Lakini machozi yaliyokuwa yakimlengalenga yaligeuka kicheko. Kosa lile angeligundua tu mtu aliyekaa chini, akachapa yote hadi mwisho.

— Bibi! — alirudi kwenye simu. — Bibi yangu mpenzi, shika kalamu!

Hadi mchana walikuwa wamepokea simu thelathini na moja. Bosi alikuwa amevua viatu.

— Sijawahi kutukanwa hivi tangu nizaliwe, — alisema akicheka. — Ukurasa unabaki. Tena mwezi ujao nakupa kurasa mbili, uwatulize hawa watu.

Mama Kobe aliruka. Alipotua, Mpangaji alikuwa mbele yake.

— Nisamehe. Barua zilikuwa za uongo, ila maswali yalikuwa ya kweli.

— Lile la Kobe kuganda ukibonyeza vitufe viwili pamoja ulilitoa wapi?

— Chumbani kwangu. Nilinunua Kobe ili nielewe unachokipenda. Inaganda kila jioni.

Mpangaji akavuta pumzi.

— Nataka nikuoe. Sitajificha tena nyuma ya mstaafu yeyote.

Simu ikalia. Mama Kobe aliipokea akiwa bado anamtazama.

— Ndiyo, kaka. Kuna mstari umekatwa, nitakusomea. Nani ameukata?

Bosi akaacha kujipepea.

— Ni mchumba wangu, kaka. Tumsamehe.